Safu ya Tatu

Nchi yetu ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu sheria inataka kila andiko linaloihusu lianze hivyo, na pia kwa sababu ni kweli: tuna milima, tuna ziwa, na mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka ikipenda. Jina lake silitaji. Wanaoishi humo wanalijua, na wasioishi humo wasije wakadhani nasema ya kwao.

Mimi nimeajiriwa katika Taasisi ya Taifa ya Ulinganishi. Tunalinganisha mitaala ya shule zetu na ya nchi nyingine, na tunafanya hivyo kwa jedwali lenye safu tatu. Safu ya kwanza inaitwa Wao, ya pili Sisi, ya tatu Tofauti. Zamani, kabla sijaajiriwa, safu ya tatu ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote. Watafiti waliijaza mpaka pembezoni mwa karatasi: wao dawati, sisi jiwe, wao mwalimu mmoja kwa watoto ishirini, sisi mwalimu mmoja kwa watoto mia na kumi, na wakati wa mavuno hayupo. Mtafiti aliyeandika hilo la mwisho alistaafishwa kwa uzee akiwa na miaka thelathini na minne.

Kisha ukaja mwaka ambao mashindano ya dunia ya Elimu ya Uraia yalitangaza matokeo, nasi tukawa wa mwisho kati ya nchi sitini na moja. Ya sitini ilikuwa nchi iliyokuwa vitani, ambako shule zilifungwa kwa miaka mitatu. Mheshimiwa Mlezi Mkuu, kiongozi wetu, ambaye tunamwita hivyo kwa kuwa sote ametulea tupende tusipende, alisema redioni kwa sauti ya upole: "Tofauti ni adui wa taifa. Naipa Wizara miezi sita iimalize."

Wizara iliimaliza kwa miezi mitano. Ujumbe wa watu kumi na tisa ulikwenda katika nchi iliyoshika nafasi ya kwanza, ambayo kwa waraka tunatakiwa kuiita Nchi ya Mfano. Walikaa huko siku arobaini. Walirudi na makoti mazito kumi na tisa na kitabu kimoja cha Elimu ya Uraia, darasa la sita.

Mimi niliitwa kwa sababu chuoni nilisoma lugha ya huko. Tulikuwa watatu darasani. Mmoja aliolewa, mwingine alikwenda kuitumia lugha hiyo kwa wenyewe na hakurudi.

"Binti yangu," alisema Dakta Mkondya, mkurugenzi wetu, akikisukuma kitabu mezani. "Kitafsiri. Palipo na jina la nchi yao weka letu. Usiongeze, usipunguze. Ukiongeza ni tofauti. Ukipunguza ni tofauti."

"Na kama kuna kitu ambacho sisi hatuna, Dakta?"

"Umesemaje?"

Sauti yangu ni ndogo. Nimezoea kurudia. "Kama kuna kitu ambacho sisi hatuna."

"Kikiwa kitabuni, tunacho."

Nilitafsiri kwa wiki tatu. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema: raia mwema huondoa theluji mbele ya mlango wake kabla ya saa mbili asubuhi. Nikaandika hivyo. Ukurasa wa arobaini na saba nilisoma mara mbili, nikasimama, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi nikasoma tena. Ulikuwa na zoezi la vitendo. Mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye ofisi ya serikali iliyo karibu. Kila mwanafunzi amuulize ofisa swali moja linalohusu maisha yake. Ofisa ana wajibu wa kujibu ndani ya siku kumi na nne. Wanafunzi wahesabu siku. Wasipojibiwa, wakumbushe kwa adabu.

Nilipenda sana ukurasa ule. Nikautafsiri kwa maneno mazuri kuliko yote niliyokuwa nayo, na sikumwonyesha mtu. Wajumbe kumi na tisa walikuwa wametia saini kwamba wamekisoma kitabu chote. Niliwaamini. Nimelelewa kuamini saini.

*

Vitabu viligawiwa nchi nzima, na taabu ikaanza, lakini ilianza na theluji. Walimu waliandika barua kuuliza ni nini. Wizara ikatoa Waraka Namba Nane: theluji isomeke kama vumbi hadi itakapotangazwa vinginevyo. Mwezi uliofuata ukatoka Waraka Namba Tisa: kwa ajili ya mitihani ya vitendo, shule zitumie pamba. Hivyo asubuhi watoto wa nchi yetu walianza kumwaga pamba mbele ya mlango wa darasa, wakaifagia, wakairudisha kwenye gunia. Katika safu ya tatu, kwenye mstari wa theluji, niliandika Hakuna.

Kuhusu ukurasa wa arobaini na saba hapakuja barua hata moja. Walimu wetu wamekwishajifunza kuruka mazoezi ya vitendo. Wote, isipokuwa mmoja.

Huyo aliitwa Mwalimu Kapalata, wa Shule ya Msingi Mbugani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kola iliyogeuzwa na kushonwa upya, na sifa yake moja ilijulikana hadi mkoani: alifundisha kitabu chote. Alianza na jalada, akafundisha jina la mpiga chapa na onyo la kutonakili, na kama kitabu kilikuwa na kosa la uchapaji alifundisha kosa hilo mpaka waraka wa kulisahihisha ufike. Mara tatu alipewa cheti cha Mwalimu Mtiifu wa Mwaka. Vyeti hivyo alivitundika darasani, kwa kuwa nyumbani kwake kuta zilikuwa za udongo na hazikushika misumari.

Yaliyotokea nayajua kwa sababu jalada la kesi yake lilipita mezani kwangu. Bwana Ndimbo, Ofisa Utulivu wa Wilaya, ni mtu makini, aliandika kila neno.

Mwalimu Kapalata alifika wilayani saa nne asubuhi, na watoto arobaini na wawili nyuma yake, kwa miguu, kilomita tisa.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba. Mwalimu, hawa wamekuja kuimba?"

"Hapana, mzee. Wamekuja kuuliza."

"Kumuuliza nani?"

"Wewe."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ukurasa wa arobaini na saba, mzee." Akamfungulia.

Bwana Ndimbo alitazama muhuri wa Wizara kwa muda mrefu. Naye ni mtu mtiifu. Akakaa, akavuta karatasi, akasema waanze.

Mtoto wa kwanza aliuliza mbona choo cha shule hakina mlango. Akajibiwa kwamba mlango uko njiani. Wa pili aliuliza mbona trekta ya kijiji inalima shamba la mzee mwenyewe. Akajibiwa kwamba ni kuizuia isipate kutu. Wakaendelea hivyo vizuri tu, hata wengine walicheka, mpaka zamu ya msichana mmoja mrefu wa miaka kumi na miwili, Nyamizi. Huyu hakumtazama Bwana Ndimbo. Alitazama ubao uliokuwa ukutani nyuma yake.

"Hapo imeandikwa Zahanati ya Mbugani," alisema. "Imefunguliwa na Mheshimiwa Mlezi Mkuu, ina vitanda kumi na viwili. Naomba kuuliza iko wapi. Mama alipokuwa anataka kujifungua, baba na mjomba walimbeba kwenye baiskeli. Sisi hatukujua kama ipo, tukaenda njia ya huku wilayani. Alifia pale kwenye mikaratusi. Nataka kujua tulipita wapi tukaikosa."

Jalada linaonyesha kwamba Bwana Ndimbo alinyamaza. Ameandika hivyo mwenyewe: *nilinyamaza*. Kisha akasema, "Swali limepokelewa."

"Siku kumi na nne, mzee," alisema Mwalimu Kapalata kwa heshima.

"Nimesikia, Mwalimu."

Waliporudi, Nyamizi alichora mstari mmoja wa chaki kwenye pembe ya ubao wa darasa. Kesho yake akachora wa pili. Mwalimu alikataza usifutwe. Siku ya kumi na nne Mwalimu alituma karatasi ya kukumbusha, kwa adabu, kama kitabu kilivyoelekeza. Siku ya kumi na tano lilikuja gari.

*

Hapa lazima niseme jambo moja la upande wa pili, maana bila hilo mtaona kama Taasisi yetu haikujali.

Wiki ileile ambayo watoto walikwenda wilayani, Dakta Mkondya alipata habari hizo kwa simu ya kazi na akafurahi sana. Nchi ya Mfano, ambayo ndiyo husimamia mashindano, ilikuwa ikituomba ushahidi kwamba zoezi la ukurasa wa arobaini na saba linafanyika, na hatukuwa nao. Akaniita nikaandika kwa lugha yao: wanafunzi arobaini na wawili wa Mbugani wamewauliza viongozi wao maswali, kwa uhuru, na wamepokelewa. Safu ya tatu: Hakuna. Barua ikaenda. Tukapanda kutoka nafasi ya sitini na moja hadi ya kumi na nane, na Mheshimiwa Mlezi Mkuu akatoa siku ya mapumziko.

Siku hiyo ya mapumziko ndiyo gari lilipokwenda Mbugani.

Baada ya wiki moja jalada la Mwalimu Kapalata liliwekwa mezani kwangu. Shtaka lilikuwa kufundisha mambo yasiyomo kitabuni, na katika nchi yetu shtaka la namna hiyo haliamuliwi na hakimu kabla Taasisi ya Ulinganishi haijatoa jedwali lake. Nikachora safu tatu. Katika ya kwanza nikaandika kitabu kinasema nini, neno kwa neno. Katika ya pili, Mwalimu alifundisha nini, neno kwa neno. Nilipofika safu ya tatu nilijisikia vizuri kidogo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiandika humo neno lilelile, na kwa mara ya kwanza lilikuwa kweli. Nikapeleka.

Dakta Mkondya alisoma, akavua miwani.

"Binti yangu, umetumia toleo gani?"

"Lililopo, Dakta. La mwaka jana."

"La mwaka jana ni hili." Akafungua droo, akatoa kitabu. Jalada lilikuwa lilelile na tarehe ileile. Karatasi zilikuwa bado zimeshikana kwa ubichi wa wino, ilibidi azitenganishe kwa kisu cha kufungulia barua. Ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa na picha ya Mheshimiwa Mlezi Mkuu akimpa mkono mtoto, na chini yake: Raia mwema hushukuru.

"Na lile jingine?" niliuliza.

"Lipi?"

"Nililotafsiri."

"Sikusikii."

Nikarudia. Akasema bado hanisikii, na kwamba nijifunze kupaza sauti, itanisaidia katika maisha. Kisha akasema kwa huruma ya kweli, maana si mtu mbaya, amewahi kunipa likizo nilipofiwa, "Nakuachia karatasi mpaka saa nane. Ulinganishe upya."

Sikulinganisha upya. Wala sikukataa. Niliiacha safu ya tatu wazi, nikaiweka karatasi mezani kwake, nikaenda kula. Nilijiambia kwamba safu iliyo wazi nayo inasema kitu. Niliporudi ilikuwa imejazwa *Ipo*, kwa mwandiko ambao mimi mwenyewe ningeapa kuwa ni wangu. Dakta Mkondya amekaa katika fani ya ulinganishi kwa miaka thelathini.

Mwalimu Kapalata alipelekwa kwenye Kambi ya Mafunzo Rejea, miaka saba. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliomba apewe toleo jipya alisome, ili asije akakosea tena. Walimpa. Wanasema alianza na jalada.

*

Sisi tukadhani imekwisha. Lakini Nchi ya Mfano ni watu wa kufuatilia. Ilikuja barua: mtunzi wa kitabu, Profesa, mama wa mvi mwenye umri wa miaka sabini, amesoma habari za Mbugani, amelia kwa furaha, na anakuja kujionea.

Mbugani ilipewa siku kumi na nane. Choo kilipata mlango. Kibao chenye maandishi ZAHANATI YA MBUGANI kilichomekwa kwenye uwanja mtupu kando ya barabara, na Bwana Ndimbo, ambaye hapendi deni la swali, alimpeleka Nyamizi mwenyewe akaone.

"Haya, umeiona sasa?"

"Nimeiona, mzee," alisema Nyamizi. "Hapa tulipita."

Nakala za toleo la kwanza zilitolewa ghalani, zikagawiwa kwa siku moja, kwa kusainiwa. Mwalimu mpya, kijana aliyeletwa kutoka mkoani, aliwafundisha watoto maswali ya kuuliza. Bwana Ndimbo alivaa suti akakaa mbele kama ofisa wa kuulizwa. Nyamizi aliwekwa mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya mvulana mnene, na akaambiwa kwamba yeye ameshauliza, awaachie wenzake. Mimi nilikuwa mkalimani. Hapakuwa na mwingine.

Profesa aliingia, watoto wakasimama. Kwanza walimwonyesha theluji. Walimwaga pamba mlangoni, wakaifagia wakiimba. Alinong'ona akaniuliza ni nini kile. Nikamwambia. Akasema ukurasa wa kumi na mbili ungefaa kurekebishwa, akaandika kwenye daftari lake. Nikaona kwamba ni mtu anayesoma vitu.

Maswali yakaanza.

"Mzee, Mheshimiwa Mlezi Mkuu hulala saa ngapi?" aliuliza wa kwanza.

"Halali," alijibu Bwana Ndimbo.

"Mzee, kwa nini nchi yetu inapendwa?"

"Kwa sababu ya watu kama nyinyi."

Nilitafsiri. Profesa alitabasamu, lakini kalamu aliiweka chini. Akatazama darasa lote, akanyoosha kidole juu ya kichwa cha mvulana mnene. "Yule binti mrefu kule nyuma. Ningependa yeye aulize. Aniulize mimi, kama anapenda. Mwambie anaweza kuuliza lolote. Kama ni jambo ninaloweza kulifikisha mahali, nitalifikisha."

Nikamfasiria Nyamizi, neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza.

Nyamizi alisimama. Mlangoni, juu ya pamba, walikuwa wamesimama watu wawili wa Utulivu ambao sikuwa nimewaona wakiingia. Mmoja wao aligeuka akamtazama, akatoa kijitabu chake mfukoni.

"Shikamoo, bibi," alisema Nyamizi. "La zahanati nilishajibiwa. Naomba kuuliza jingine. Mwalimu wetu, Mwalimu Kapalata, yuko wapi? Alifanya kama kitabu kilivyosema. Hata mimi nilikuwepo."

Dakta Mkondya alikuwa amekaa karibu yangu. Wote walinigeukia: Profesa, Bwana Ndimbo, wale wawili wa mlangoni, watoto arobaini na wawili. Swali lile si refu. Kwa lugha ya huko ni maneno kumi na moja. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Profesa angeondoka na maneno hayo kumi na moja keshokutwa asubuhi kwa ndege. Nyamizi angebaki Mbugani.

"Anauliza," nilisema, "kama kwenu theluji ni baridi sana."

Profesa alicheka akashika kifua. Macho yake yalijaa machozi. Akaeleza kwa muda mrefu, taratibu, akipungapunga vidole. Alisema baridi yenyewe unaizoea. Kinachoshangaza ni ukimya wake. Inashuka usiku kucha bila sauti, na asubuhi ukifungua mlango huoni tena kitu kilichokuwa hapo jana, na mtu mgeni angeapa kwamba hapakuwa na kitu.

Kisha akangoja nimfasirie mtoto.

"Bibi anasema," nilimwambia Nyamizi, "swali lako limepokelewa."

Nyamizi alinitazama. "Mbona amesema maneno mengi?"

"Lugha yao ni ndefu."

"Siku kumi na nne?"

Nilitazama pamba pale mlangoni.

"Ndiyo," nilisema. "Siku kumi na nne."

Akashukuru, akakaa. Na sauti yangu, Dakta aliniambia garini, siku hiyo ilisikika vizuri kabisa.

*

Nchi yetu sasa ni ya saba. Profesa ameandika makala ndefu kutusifu, na nimeitafsiri mimi. Nimepandishwa cheo, nina ofisi yenye dirisha. Jedwali la ziara ya Mbugani lilihitaji mstari mmoja tu: Wao, mtoto huuliza naye hujibiwa, Sisi, mtoto huuliza naye hujibiwa. Safu ya tatu niliijaza mwenyewe, kwa mkono wangu, ili asisumbuke mtu kuuiga.

Juzi ilifika taarifa ya ukaguzi kutoka Mbugani. Mahudhurio ni mazuri. Mlango wa choo umerudishwa wilayani. Mwalimu mpya ameeleza kwamba kuna mwanafunzi ambaye kila asubuhi huchora mstari mmoja kwenye pembe ya ubao, na mistari imeshafika hamsini na tatu. Mwalimu hajaifuta. Anadhani ni Hesabu, na chini yake ameweka alama ya vema.